Mshahara, Chama na Mlungula: Hali za Kazi na Ustawi wa Watumishi wa Umma Tanzania Bara, 1964–1996

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu Tanzania Bara baada ya uhuru, rushwa huelezwa kuwa ni suala la maadili: mtumishi hana uaminifu, ana tamaa, au ameisahau misingi ya taifa lake. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha swali moja la kihistoria bila jibu. Iwapo rushwa ni tabia ya mtu binafsi tu, kwa nini ilipanuka kwa kasi katika kipindi maalumu, na kwa nini ilipanuka zaidi katika zahanati, vituo vya polisi, mahakama za mwanzo na ofisi za ardhi, yaani mahali ambapo mwananchi wa kawaida hakuwa na njia nyingine ya kupata huduma?

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mambo matatu: hali za kazi za watumishi wa umma, taasisi zilizopewa jukumu la kuwasemea na kuwasimamia, na rushwa. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanzia 1964, mwaka ambao vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, hadi 1996, mwaka ambao Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Sinde Warioba iliwasilisha ripoti yake kuhusu kero ya rushwa. Dhana ya ustawi inatumika hapa kwa maana pana: chakula na afya, lakini pia muda wa kupumzika, heshima ya mtu mbele ya jamaa zake, na uhakika kwamba haki yake haitauzwa kwa mwenye fedha.

Hoja kuu ni kwamba rushwa ndogo ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mshahara uliohamishwa. Serikali iliposhindwa kumlipa mtumishi kiasi cha kumwezesha kuishi, na mtumishi asipokuwa na chombo huru cha kudai, deni hilo halikufutika. Lilihamishiwa kwa mgonjwa, kwa mshtakiwa, kwa mzazi na kwa mkulima, ambao wengi wao walikuwa maskini kuliko mtumishi mwenyewe.

2.0 Kunyamazishwa kwa vyama vya wafanyakazi

Wafanyakazi wa Tanganyika waliingia katika uhuru wakiwa na sauti. Walijifunza kuitumia sauti hiyo katika mazingira magumu: katika bandari ya Dar es Salaam, ambako migomo ya 1939, 1947 na 1950 ilitikisa utawala wa Kiingereza, na katika mashamba ya mkonge, ambako manamba walihesabiwa siku kwa kipande. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa 1955, mwaka mmoja baada ya TANU, na viongozi wa pande hizo mbili walifahamiana na kusaidiana. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TFL, alikuwa Waziri Mkuu ifikapo Januari 1962.

Ukaribu huo ndio uliozaa mvutano. Baada ya uhuru, baadhi ya viongozi wa vyama walitaka kuendelea kudai kwa uhuru uleule waliodai nao wakati wa ukoloni, ilhali serikali iliona kwamba wafanyakazi wa mishahara ni sehemu ndogo ya wananchi na hawakustahili kujipatia zaidi wakati wakulima walio wengi hawana kitu. Hoja hii ya serikali haikuwa ya hila. Tofauti ya kipato kati ya mjini na kijijini ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, jibu lake lilikuwa la kisheria na la kudumu. Sheria ya 1962 kuhusu migogoro ya kazi ilifanya mgomo halali uwe jambo gumu mno kutekelezwa. Kisha, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikaundwa NUTA kwa sheria ya Bunge. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza, aliyeshika nafasi hiyo kwanza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.

Muundo huo una maana kubwa kwa historia inayosimuliwa hapa. Mtu aliyetarajiwa kudai kwa niaba ya wafanyakazi ndiye aliyeketi upande wa mwajiri. Mfanyakazi hakuachwa bila faida: sheria za wakati huo zilimlinda asifukuzwe ovyo na zilimpa kiinua mgongo. Alichopoteza ni njia ya kusema kwamba malipo hayatoshi. Kwa muda wa miaka kumi hivi hasara hiyo haikuonekana sana, kwa kuwa mshahara bado ulinunua chakula.

3.0 Azimio, Mwongozo na mpaka wa uadilifu

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilileta jibu la aina yake kuhusu maadili ya viongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, au kupangisha nyumba. Masharti hayo hayakuwahusu mawaziri peke yao. Yaliwagusa pia watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu. Miezi michache kabla yake, Oktoba 1966, Rais Nyerere alikuwa amepunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ujumbe ulikuwa wazi: aliye juu ajifunge mkanda kwanza.

Uzito wa hatua hizo haupaswi kupuuzwa. Nchi chache za Afrika zilijaribu kuwabana viongozi wake kwa kiasi hicho. Lakini Azimio lilijengwa juu ya sharti ambalo halikuandikwa: kwamba mshahara mmoja utatosha. Mtumishi aliyekatazwa kipato cha pili alihitaji kipato cha kwanza kinachomwezesha kuishi. Sharti hilo lilipokuja kuvunjika, katazo lilibaki palepale.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno, ubadhirifu na ukandamizaji, na wafanyakazi wakakisoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi vilishuhudia wafanyakazi wakiweka zana chini. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba madai mengi hayakuwa ya nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi walilalamikia mameneja wanaotukana, wanaotumia magari ya shirika kwa shughuli zao, na wanaoajiri jamaa zao. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walikwenda hatua zaidi na kuuchukua uendeshaji wa kiwanda mikononi mwao. Tukio hilo, pamoja na migomo iliyolitangulia, lilichunguzwa kwa undani na wanazuoni wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Issa Shivji.

Kwa muda mfupi, basi, Tanzania ilikuwa na kitu ambacho mageuzi ya baadaye yalishindwa kukirejesha: udhibiti wa ubadhirifu unaofanywa na walio chini, mahali pa kazi penyewe, na watu wanaoona kila siku mali inavyotumika. NUTA haikuwa na nafasi katika harakati hizo; mara nyingi ilikuja kuwasihi wafanyakazi warudi kazini. Serikali nayo, iliyokuwa imewasikiliza mwanzoni, ilibadili msimamo migomo ilipozidi. Baadhi ya wafanyakazi walifukuzwa, na harakati zikazimwa. Kuanzia hapo, kusimamia uadilifu kulibaki kuwa kazi ya wakubwa kuwasimamia wadogo.

Mfano wa ushirika unaonyesha mwelekeo huohuo upande wa vijijini. Tume ya 1966 ilikuta ubadhirifu na upendeleo katika vyama vya ushirika. Badala ya kuimarisha uwezo wa wanachama wa kuwaondoa viongozi wabovu, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Mkulima alipopunjwa katika mizani au kucheleweshewa malipo, hakuwa tena mwanachama mwenye kura, bali mleta mazao tu. Taasisi ilivunjwa kwa sababu ya kasoro zake, na kasoro zikahamia katika taasisi isiyoweza kuhojiwa. Ushirika ulilazimika kurejeshwa kwa sheria ya 1982.

4.0 Mshahara unapoacha kuwa mshahara

Kuanzia 1974 mambo kadhaa yalifuatana: ukame na uagizaji wa nafaka, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha kupanda kwa mafuta kwa mara ya pili. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikwama, na Edwin Mtei akajiuzulu Uwaziri wa Fedha 1979. Viwanda vilikosa vipuri, maduka yakakosa sabuni, sukari, khanga na dawa ya meno. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mara kadhaa, lakini bei zilikimbia mbele yake. Ifikapo katikati ya miaka ya 1980, thamani halisi ya mshahara ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwanzo wa miaka ya 1970. Mshahara wa mwezi haukuweza kulisha familia ya mjini kwa mwezi mzima, licha ya kodi ya nyumba, nauli na sare za shule.

Lugha ya kila siku ilisajili mabadiliko haya kabla ya takwimu. Maneno ulanguzi, magendo na foleni yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Neno chai lilipata maana ya pili, kwamba anayeiomba hana kiu. Methali ya zamani isemayo mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake ilianza kutumika si kama onyo la kuridhika na kidogo, bali kama maelezo ya jinsi ofisi zinavyofanya kazi: kila mtu hupata riziki mahali alipofungwa. Karani wa duka la shirika alifungwa penye sukari, muuguzi penye dawa, polisi penye barabara. Mwalimu wa shule ya msingi alifungwa penye ubao na chaki, ambavyo havina mnunuzi.

Hapa ndipo hali za kazi zinapoeleza kile ambacho tamaa peke yake haiwezi kueleza. Watumishi walikabili upungufu uleule kwa njia tofauti kulingana na kazi zao. Wengi, pengine walio wengi, hawakuanza na rushwa. Walianza kwa kulima bustani pembeni mwa mji, kufuga kuku na ng'ombe, kushona nguo, kukaanga maandazi. Wahadhiri wa Chuo Kikuu walifuga. Walimu walifundisha tuisheni jioni. Mara nyingi mradi uliendeshwa na mke, na katika nyumba nyingi kipato chake kikaupita mshahara wa mume. Hatua kwa hatua, ajira ikawa ni kitambulisho, nyumba ya serikali na haki ya kutibiwa. Riziki ilitoka kwingine.

Athari kwa ustawi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya muda. Mtumishi aliyeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe alifika ofisini amechoka na kuondoka mapema; huduma ilizorota bila mtu yeyote kupokea hata senti ya hongo. Ya pili ilikuwa ya heshima. Mwalimu aliyewauzia wanafunzi wake barafu na karanga wakati wa mapumziko hakuvunja sheria ya jinai, lakini uhusiano wake na darasa ulibadilika, naye alilijua hilo. Mwanafunzi asiye na fedha alijifunza mapema kwamba hata kwa mwalimu kuna mteja na asiye mteja.

5.0 Vita dhidi ya wahujumu na mbadala uliokataliwa

Serikali iliyaona matatizo hayo, lakini iliyatafsiri kama vita kati ya waadilifu na maadui. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni kubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Bidhaa zilizofichwa zilipatikana, nyingine zikatupwa na wenyewe usiku kwa hofu, na wananchi wengi walishangilia, kwa kuwa kwa miaka mingi walikuwa wamepanga foleni bila kupata kitu. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1983 ilitungwa baada ya ukamataji kuanza. Iliunda baraza maalumu, ikawanyima watuhumiwa mawakili na haki ya kukata rufaa. Mwaka uliofuata ilibidi ibadilishwe.

Katika mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake watu wasio na vitambulisho vya kazi walikusanywa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Waliolengwa walikuwa wazururaji. Walioguswa ni pamoja na wauza samaki, mafundi viatu na akina mama wauza vitafunio, yaani kazi zilezile zilizokuwa zikizilisha nyumba za watumishi wa serikali. Ukizitazama sheria hizi mbili kwa pamoja, utaona kitendawili ambacho mtumishi wa wakati huo alilazimika kuishi nacho. Mshahara haukutosha, mgomo haukuruhusiwa, kipato cha pili kilikatazwa na Azimio kwa wa ngazi za kati na kilitiliwa shaka kwa wa ngazi za chini, biashara ndogo ya jamaa yake iliweza kumpeleka kijijini kwa lori. Njia iliyokuwa ya siri zaidi, isiyohitaji mtaji, leseni wala kibanda, ilikuwa ni kumwambia mwananchi aliyesimama dirishani kwamba fomu zimekwisha.

Haisemwi hapa kwamba kila aliyesema hivyo alilazimishwa na njaa, wala kwamba serikali ilikusudia matokeo hayo. Kinachosemwa ni kwamba kila njia halali ilipozibwa, thamani ya njia haramu ilipanda. Sokoine mwenyewe, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, alikumbukwa na wengi kama kiongozi aliyejali. Lakini kampeni haikugusa mshahara, na haikumpa mfanyakazi sauti. Katika bajeti ya mwaka huo wa 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara ya nje, na bidhaa zikarudi madukani kwa bei ambazo mshahara haukuzifikia.

6.0 Mageuzi na ripoti ya 1996

Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mpango wa kufufua uchumi ulianza 1986 kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Njia nyingi zilizozibwa zilifunguliwa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata mapato ya ziada. Kwa mtumishi wa kawaida hiyo ilikuwa nafuu, kwani alichokuwa akikifanya kwa kujificha kikawa halali. Kwa aliye juu ilikuwa jambo jingine. Mlango mmoja ulipitisha kuku wa mwalimu na hisa za mkurugenzi, na ukubwa wa vitu hivyo haukuwa sawa. Mali ya umma ilipoanza kubinafsishwa, aliyekuwa karibu na uamuzi alikuwa na kamba ndefu kuliko wote.

Wakati huohuo gharama za huduma zilirudishwa kwa wananchi. Ada za shule za sekondari zilirejea katikati ya miaka ya 1980, na uchangiaji wa huduma za afya ukaanza katika hospitali za serikali 1993. Makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini. Mgonjwa sasa alilipa mara mbili: mara moja kwa risiti, mara ya pili bila risiti.

Ripoti ya Tume ya Warioba, iliyowasilishwa Desemba 1996, ilitenganisha makundi mawili ya wala rushwa. Wapo wanaopokea kwa sababu kipato chao hakitoshi kuwaweka hai, na wapo viongozi na watumishi wa juu ambao rushwa yao inatokana na tamaa ya kujilimbikizia mali. Tume ilionyesha kwamba rushwa ilikuwa imeenea katika polisi, mahakama, afya, elimu, ardhi, kodi na zabuni za serikali. Umuhimu wa utenganisho huo ni kwamba, kwa mara ya kwanza katika waraka rasmi wa uzito huo, mshahara ulitajwa mahali ambapo kwa miaka thelathini palitajwa maadili peke yake.

Hata hivyo, utenganisho huo una mipaka yake. Kwanza, mwenye njaa na mwenye tamaa hawakuwa katika nyumba mbili tofauti. Dogo la chini lilimpa la juu kinga: ofisi ambamo kila mtu amepokea kidogo ni ofisi ambamo hakuna anayeweza kumshtaki aliyepokea kingi. Pili, historia ya miaka iliyofuata inaonya dhidi ya kuuona mshahara kuwa dawa ya pekee. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi Julai 1996 ikiwalipa watumishi wake mishahara mikubwa kuliko ya serikali, na bado rushwa haikuondoka katika ukusanyaji wa kodi. Mtumishi aliyelipwa vizuri bado alikuwa na ndugu waliosubiri sehemu yao, na bado alifanya kazi mahali ambapo uamuzi wake haukuhojiwa na aliye chini yake.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba katika Tanzania Bara kati ya 1964 na 1996 hali za kazi, taasisi na rushwa zilifungamana kwa mpangilio unaoweza kufuatiliwa. Kwanza kilipotea chombo huru cha kudai; kisha ukazimwa, baada ya 1973, udhibiti wa walio chini mahali pa kazi; kisha mshahara ukaanguka. Kama mambo hayo yangetokea kwa mpangilio mwingine, matokeo yangeweza kuwa tofauti. Mshahara ulioanguka mbele ya chama chenye nguvu ungeleta mgomo, na mgomo ni ugomvi wa wazi kati ya mfanyakazi na mwajiri. Mshahara ulioanguka mahali pasipo na chama ulileta madai yaliyofanywa kimyakimya, dirisha kwa dirisha, dhidi ya mtu asiye mwajiri.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala la ustawi. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulilaumiwa sana kwa madhara yaliyowapata wagonjwa, na madhara hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mgomo huonekana, huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha, na serikali hulazimika kuujibu. Chai ya wodini haina tarehe. Mama mjamzito aliyeambiwa arudi na mipira ya mikono, naye hana, hakuingia katika hesabu ya mgogoro wowote wa kazi, ingawa yeye ndiye aliyelipa gharama za mgogoro huo.

Kutokana na hayo, historia ya rushwa nchini haipaswi kuandikwa kama historia ya sheria na tume peke yake, tangu Sheria ya Kuzuia Rushwa ya 1971 hadi kuundwa kwa TAKUKURU 2007. Inapaswa pia kuandikwa kama historia ya kazi: nani alilipwa nini, nani aliruhusiwa kusema kwamba hakitoshi, na nani alilipa pale aliyenyimwa nafasi ya kusema alipotafuta njia nyingine.